Picha ya Anti Mlangoni mwa Maktaba

Kuna Jumamosi moja ya mwezi wa sita ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa umekuja kuniaga kwamba wiki ijayo unakwenda na kamera yako kwenye maandamano ya mjini, acha nikukalishe kwanza nikusimulie. Chai ipo kwenye chupa. Treni za kwenda mjini zipo kutwa nzima, na maandamano yenyewe ni wiki ijayo, kwa hiyo usianze kuangalia saa.

Siku hiyo nilipanda treni hapa Toongabbie, magharibi mwa Sydney, asubuhi, kamera ikiwa shingoni na mtandio juu yake, maana nilikuwa naona haya. Nilikuwa na miaka hamsini na tatu. Najua mzee akisema atakusimulia ujana wake, wewe unatarajia msichana mwenye miguu myepesi, lakini ujana wangu wa kamera ulinikuta nina mvi, na makosa ya ujana niliyafanya yote kwa mpangilio bila kuruka hata moja. Ule ujana wa umri niliumaliza Iringa, na hauna cha kukufundisha zaidi ya kuogopa mbwa wa padri.

Kabla ya kamera nilifanya kazi miaka mingi kwenye nyumba ya wazee pale Parramatta, kuogesha na kulisha. Kamera alininunulia Neema, binti yangu, kwa mshahara wake wa kwanza, akisema mgongo wangu umechoka kuinua watu. Nikawa mpiga picha wa shughuli zetu. Harusi, ubarikio, sendofu, na zaidi ya zote misiba. Wewe umezaliwa huku, kwa hiyo nikueleze kidogo. Kwetu marehemu hafichwi. Picha yake inakuzwa, inatiwa fremu, inabebwa mbele ya jeneza, inachapwa kwenye fulana za wajukuu na kwenye ratiba ya ibada. Ndugu walioko Iringa au Songea ambao hawawezi kusafiri wanataka waone kila kitu, kuanzia mwili unavyotoka hospitali mpaka shada la mwisho. Nimesimama juu ya viti vya makaburini mara nyingi nikipiga picha watu wanaolia, na waliokuwa wanalia walinishukuru. Msiba usiopigwa picha watu wanaunung'unikia mwaka mzima, wanasema marehemu alidharauliwa.

Hayo yote nilikuwa nayo begani pamoja na kamera.

Kwenye maandamano nilikwenda na Mapendo, rafiki yangu wa kanisani, mama wa Bukavu anayefanya kazi kwenye ghala la bidhaa. Tulisikia ni maandamano ya watu weusi wanaofia mikononi mwa polisi na magerezani, tukasema basi hayo ni yetu. Mapendo alikuwa amebeba kadibodi aliyoandika usiku kucha kwa Kifaransa, lugha ambayo siku hiyo hakuna aliyeisoma. Tulipofika mbele ya jumba la mji tukakuta barabara imejaa, bendera za rangi nyeusi, nyekundu na njano kila upande, moshi wa majani mabichi yanayochomwa ili kuwatakasa watu, farasi wa polisi wamepangwa pembeni. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba weusi wanaozungumziwa si sisi. Ni Waaborijini, wenyeji wa asili, wenye nchi hii tangu mwanzo. Wafiwa walikuwa wao, sisi tulikuwa majirani tuliokuja kukaa nao. Mapendo aliikunja kadibodi yake akaitia kwapani.

Mbele kabisa ya watu alikuwa anatembea mama mmoja mfupi, mzee, mwenye nywele nyeupe na jaketi kubwa kuliko mwili wake. Mkono mmoja ulikuwa na fimbo, mwingine ulikuwa na fremu yenye picha ya kijana aliyevaa jezi. Nikainua kamera. Yule mama akasimama, na waliokuwa nyuma yake wakasimama, mstari mzima. Akaniita kwa kidole.

"Wewe nani?" aliniuliza. Nikamtajia jina, nikasema natoka Tanzania. "Sijauliza nchi. Watu wako ni akina nani?"

Nilikaa miaka mingi Sydney bila mtu kuniuliza swali hilo. Nikamtajia baba yangu, na baba yake baba yangu, na mlima tunakotoka. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea hati zilizokamilika, akanitajia na yeye watu wake. Kisha akasema, "Sasa piga. Na yeye umpige," akaonyesha fremu. "Ni mtoto wa mdogo wangu. Alifia kwenye selo. Mama yake anataka watu wamwone."

Mama wa kijana alikuwa pembeni yake, ameshika mkono wa jaketi lile. Aliinamisha kichwa kukubali. Nikapiga.

Sikiliza hapo vizuri, maana hapo ndipo nilipokosea, ingawa kosa lenyewe lilichukua miaka miwili kutokea. Mimi nilisikia nusu. Nilisikia "watu wamwone", nikajisemea kumbe hawa ni sawasawa na sisi, wanawaonyesha marehemu wao. Ile nusu nyingine, "mama yake anataka", ilinipita.

Kila mtu alimwita yule mama Anti, vijana kwa wazee, na nilipoona hivyo nikajiona nimefika nyumbani kabisa, kwa sababu na sisi kila mama ni anti wa mtu. Jina lake silitaji. Utajua sababu tukifika.

Nilimpelekea picha yake wiki iliyofuata. Alikuwa anaishi huku huku magharibi, treni moja na basi moja. Aliiweka mezani, akavaa miwani, akaitazama muda mrefu mpaka chai yangu ikapoa.

"Umenikata miguu," alisema.

Kweli, nilikuwa nimempiga kuanzia kiunoni kwenda juu, kama ninavyopiga maharusi. Akaniambia mtu anayeandamana kazi yake ni miguu, uso anao hata akiwa amekaa kwake. Tangu hapo nikawa ninarudi nyuma hatua tano zaidi, na picha zangu zikaanza kufanana na maandamano badala ya kufanana na kitchen party. Kwa miaka miwili nilimpelekea kila nilichopiga, na yeye alikikosoa chote. Mwaka wa pili nilimpata vizuri: amefanyiwa upasuaji wa nyonga miezi michache kabla, kila mtu amemwambia abaki nyumbani, na yeye yuko katikati ya barabara, fimbo mbele, mguu wa kushoto hewani. Hiyo aliipenda. Alisema, "Hapo natembea." Nilifurahi kuliko siku niliyopata uraia, nakuambia ukweli.

Kisha maktaba moja ya huku kwetu ikanipa ukuta kwa wiki mbili nionyeshe picha za maandamano. Picha ishirini. Ufunguzi ulipangwa Ijumaa jioni. Alhamisi mchana nikiwa jikoni Mapendo akanipigia simu. Jirani yake Anti alikuwa anafanya kazi naye ghalani, na huyo jirani alimwambia kwamba Anti amefariki alfajiri. Moyo ulisimama tu usingizini.

Nililia nikiwa nimeshika mwiko. Nilimpenda yule mama. Nakuambia hili ili usije ukadhani nilichofanya nilikifanya kwa kujionyesha, ingawa na kujionyesha kulikuwemo kidogo, sitakataa.

Nilifanya kama ninavyojua. Nilikimbia dukani kuchapisha ile picha ya kutembea, kubwa, kimo cha mtoto wa miaka kumi. Nikaitia fremu nyeusi na utepe wa zambarau pembeni. Nikaiweka mlangoni mwa maktaba, mahali ambapo anayeingia lazima aione, nikapanga maua na mishumaa ya betri, kwa sababu mishumaa ya moto maktaba hawaitaki. Chini yake nikaandika jina lake lote, mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: Tanzia. Pumzika kwa amani, Anti.

Neema alipokuja kunisaidia kubeba viti aliisimamia ile picha kwa muda. Unamjua, Kiswahili anakielewa chote ila ulimi wake ni wa shule. Akaniuliza, "Mum, did you ask the family?"

"Wafiwa hawaulizwi maswali," nilimjibu. "Wafiwa wanasaidiwa."

Na hilo nililiamini kabisa. Kwetu mtu akifiwa humwendei kumuuliza sufuria ziko wapi. Unazitafuta. Unapika, unapanga viti, unachapisha ratiba, unamwacha alie. Anayesumbua mfiwa kwa maswali anaonekana hana malezi. Kwa hiyo namba ya simu ya mama wa kijana nilikuwa nayo, na sikuipiga, na nilijiona nina malezi.

Ijumaa jioni watu walijaa. Watanzania walileta maua mengine, mchungaji aliomba, Mapendo akaanzisha pambio mbele ya picha mpaka mkutubi akaja na tabasamu la wasiwasi. Kabla ya kuondoka niliipiga ile picha kwa simu, na maua yake na maandishi yake, nikaituma kwenye grupu la Watanzania, grupu la kanisa, grupu la akina mama, na kwenye ukurasa wa watu wa maandamano. Tanzia inatangazwa, hiyo nayo ni desturi. Jumamosi asubuhi Mapendo akaniandikia, "Mama Neema, picha iko muzuri sana. Nimeisha kuituma ku grupu ya Wakongo yote, hata ya Melbourne." Nikamjibu kwa moyo mwekundu na mikono miwili ya shukrani.

Jumatatu kama saa nne asubuhi nilikuwa pale maktaba nikinyoosha maelezo yaliyoanza kubanduka. Mlango ukafunguka, akaingia mama wa kijana. Nilimwendea mikono yangu imefunguka ili nimpe pole. Hakuipokea. Aligeuka akasimama akiwa ameipa picha mgongo, anatazama magari nje kupitia kioo.

"Ishushe," alisema.

Nilidhani hajaelewa. Nikamweleza kwamba nimeiweka pale kumheshimu dada yake, kwamba kwetu ndivyo tunavyofanya.

"Sijauliza kwenu." Hakupaza sauti hata kidogo. "Dada yangu amefariki Alhamisi. Jina lake sasa hatulitamki. Uso wake hatuuangalii, mpaka familia ikae na iseme. Wewe umeuweka mlangoni."

Na mimi, mwanangu, kwa umri wangu ule, nikafungua mdomo nikasema, "Lakini picha ya mwanao mliibeba."

"Nilimbeba mimi. Nilikaa na ndugu zangu, tukalia, tukabishana, tukakubaliana, ndipo nikambeba. Hii nani ameikubali?"

Nikaenda kuishusha. Ilikuwa nzito kwa mtu mmoja, na fremu iliniumiza kidole, na yeye hakugeuka wala hakunisaidia, na alifanya sawa. Niliilaza kifudifudi nyuma ya meza ya mkutubi, nikaondoa maua, nikazima mishumaa ile mmoja mmoja kwa kibonye chake cha chini. Ndipo alipoketi kwenye kiti akaniambia lililobaki.

Walikuwa na kaka yao mkubwa, mgonjwa wa moyo, anaishi mji mdogo ng'ambo ya milima, safari ya siku nzima kwa treni. Familia ilikuwa imekubaliana asiambiwe kwa simu. Vijana wawili wangekwenda kwa gari Jumamosi asubuhi, wakae naye, wamwambie taratibu, wamlete. Waliondoka alfajiri. Walipofika mchana walimkuta anajua. Alikuwa ameiona kwenye simu ya mtu.

Mwanangu, baba yangu alipofariki Iringa, watu wangu hawakunipigia mimi. Walimpigia mchungaji, na mchungaji akaja na mke wake, wakakaa sebuleni kwangu, wakaomba maji ya kunywa, wakaniuliza kama nimekula. Nilipoona wananiuliza kama nimekula nikajua, na nilipojua nilikuwa tayari nimeketi na mtu ameshika mkono wangu. Haya nayajua tangu nikiwa mtoto. Hakuna kabila letu ninalolijua linalomtupia mtu mzima habari ya kifo barabarani. Nikitazama nyuma, kosa langu halikuwa kutojua desturi za Waaborijini peke yake. Nilivunja na yangu.

"Ulikuja kwake ukanywa chai," alisema mama wa kijana. "Namba yangu unayo. Kwa nini hukupiga?"

"Sikutaka kukusumbua kwenye msiba."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Bora ungenisumbua," alisema.

Siku mbili zilizofuata nilikuwa kwenye simu. Nilifuta kila nilichotuma, nikapigia grupu moja baada ya jingine kuomba wafute. Wengine walinielewa. Mmoja aliniambia Mama Neema unahangaika bure, picha ni nzuri, wewe msanii. Mapendo alijitahidi kunizidi mimi. Alipiga simu mpaka Melbourne, kisha akaja kukaa hapo ulipokaa wewe, akavua viatu. "Ku grupu yetu nimeiondoa," alisema. "Lakini imeisha kutembea, Mama Neema. Iko fasi yote. Sijue wapi inaishiaga." Tukanywa chai, maana hakukuwa na kingine cha kufanya.

Kwenye ukuta wa maktaba niliondoa kila picha yenye Anti, nikapanua nafasi kati ya zilizobaki, na waliokuja baada ya hapo hawakujua kama kuna kitu kimetoka. Mazishini sikwenda. Sikualikwa, na sikuona kama nina haki ya kualikwa. Nilikusanya kila picha ya Anti niliyowahi kupiga kwa miaka miwili, nzuri na mbaya, na zile alizokatwa miguu, nikazitia kwenye memori kadi moja, nikafuta za kwangu, nikampelekea mama wa kijana. Aliipokea mlangoni. Nikaanza kuomba radhi, nilikuwa nimejiandaa, nina maneno mengi.

"Kuniomba mimi ni rahisi," alisema. "Mimi nipo hapa karibu na stesheni. Alhamisi nakwenda kwa kaka. Njoo."

Tulikwenda. Treni ilipanda milima, ikashuka, tukapita mashamba makavu yasiyokwisha. Alikuwa na mikate kwenye mfuko, akanipa mmoja bila kuniuliza kama nina njaa, nikaula wote. Tulifika jioni jua bado lipo. Kaka yao alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, mzee mrefu, mwembamba, blanketi magotini.

"Huyu ndiye," mdogo wake alimwambia.

Mzee aliniuliza watu wangu ni akina nani. Nikamtajia baba, na babu, na mlima. Akanionyesha kiti. Nilikaa mikono yangu mapajani, na maneno yote niliyojiandaa nayo tangu Sydney yalikuwa yameondoka. Nikasema tu kwamba nimekosa.

Akanisimulia, akitazama barabarani. Jumamosi ile alikuwa ameketi nje ya duka na vijana. Msichana mmoja akasema, babu, huyu si dada yako? Akampa simu. Yeye macho yake maandishi hayayaoni, ila picha aliiona.

"Sikuwa nimemwona tangu nyonga imkatalie," alisema. "Nikaona anatembea. Fimbo mbele, mguu hewani. Nikafurahi. Nikacheka. Nikawaambia njooni mwone, dada yangu anatembea. Nikaipitisha ile simu kwa kila aliyekuwepo." Akalivuta blanketi. "Kisha yule msichana akasoma ya chini."

Mdogo wake alikuwa ameshasikia habari hiyo kabla, nadhani, kwa sababu aliinuka akaingia ndani kuchemsha maji. Mimi nilibaki naye. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Baadaye sana, tukiwa na vikombe mkononi, aliniambia tu kwamba picha zile zitakaa kwa mdogo wake, zisitazamwe na mtu mpaka yeye aseme.

Hajasema mpaka leo. Ni miaka minne sasa, na yu hai, na kila ninapokutana na mama wa kijana kwenye maandamano namuuliza habari za kaka, ananiambia hajambo, basi, tunaishia hapo. Ile picha ndiyo bora niliyowahi kupiga maishani mwangu, mwanangu, na siionyeshi, wala sina, wala sistahili kuililia.

Sasa nikuambie lile ulilokalishwa kulisikia. Wiki ijayo ukifika mjini, usiinue kamera kabla hujajitambulisha. Mwendee mtu, mwambie wewe ni nani na watu wako ni akina nani, halafu umuulize. Akikataa, shukuru, umsindikize hatua chache bila kamera, ujue kwamba na hiyo ni kazi. Akikubali, amekubali uso wake, siku hiyo. Hajakubali uso wa jirani yake, wala wa marehemu wake, wala siku zake zijazo. Picha ukishaipiga haijawa yako, kwa hiyo kabla ya kuitundika rudi ukaulize tena, na yule uliyempiga akifariki ndiyo kwanza maswali yanaanza. Uliza walio hai wanaomlilia. Familia hazifanani: nyingine watakuambia itundike na jina lake uliandike kubwa, nyingine watakuambia ifiche, na wewe hutajua ipi ni ipi kwa kukaa nyumbani ukikisia kutokana na desturi za bibi yako. Heshima uliyofundishwa kwenu ni nzuri, ila ukiivika watu bila kuwauliza inageuka kitu kingine. Na chini ya picha usiandike habari ambayo si yako kuitangaza, hata kama unaijua, hata kama una uchungu nayo. Kuna mtu mahali fulani ambaye bado anafurahi.

Na ukiogopa kusumbua, sumbua. Ubebe aibu ya kupiga simu saa mbaya. Aibu hiyo inaisha siku hiyo hiyo.

Haya, inuka sasa, nimekuchelewesha. Mungu akutangulie mjini, akulinde na farasi wa polisi na watu wenye hasira. Akujalie jicho linaloona na mdomo usioona haya kuuliza. Kila utakayempiga picha afurahi kukuona ukirudi, na nyumba zilizokupa chai zisikufungie mlango. Nenda, mwanangu, na baraka zangu zote.